Kompyuta Inazima Kila Saa? Kabla Utoe Ngiri Tisa kwa Fundi, Fungua Kesi Ucheki Vumbi

Unajua venye huenda. Umekaa kwa keja usiku, mtaa umetulia, mbwa wa jirani wamechoka kubweka, na uko na kazi ya mtu inafaa kufika kabla ya asubuhi. Umefika nusu. Feni ya kompyuta inaanza kulia kama posho mill. Halafu, tap! Skrini nyeusi. Hakuna ilani, hakuna kwaheri. Unawasha tena, inakaa dakika kumi, inazima. Mara ya tatu inakaa dakika nne.

Kama hiyo ndiyo stori ya mashini yako, na unaishi Nyeri, Karatina, Othaya, Nanyuki, Kerugoya ama mahali popote chini ya huu mlima, tulia kwanza. Usikimbie tao na pesa mkononi. Kuna uwezekano mkubwa kwamba kinachoua kompyuta yako ni kile kile Mathe hufagia mlangoni kila asubuhi.

Hii kitu ilitupata kwetu. Sisi ni watu wa Mathira, nje kidogo ya Karatina. Dada yangu mdogo hulipwa kusikiliza sauti za watu wa ng'ambo na kuandika kila neno walilosema. Kazi hufanywa usiku, na ukichelewesha, mteja anahamia kwa mwingine bila hata kukuambia pole. Mwezi wa pili, jua likiwa limekausha kila kitu, kompyuta yake ikaanza kuzima. Akaipakia kwa mat, akaipeleka kwa fundi mmoja tao. Jina tuache. Fundi akaiwasha, akangoja ikazima, akatingisha kichwa kama daktari mwenye habari mbaya: "Madabodi imeenda. Leta ngiri tisa."

Ngiri tisa, wasee. Hiyo ni mbuzi mzima. Dada yangu hakuwa nayo, akarudi na mashini yake kwa magoti. Mathe ndiye alituokoa bila kujua. Alisema tu, "Si mfungue kwanza muone kama kuna panya ndani."

Panya hakukuwa. Lakini katikati ya feni na kile kipande cha alumini kinachokaa juu ya prosesa, tulitoa kitu kama kipande cha blanketi. Kimeshikana, cha rangi ya kahawia, unakivuta kinakuja chote mara moja. Mathe akakiangalia akacheka: "Rukungu." Vumbi. Tulisafisha jioni hiyo, na usiku huo dada yangu akafanya kazi mpaka saa kumi alfajiri. Haikuzima. Hatukutumia hata soo mbili.

Sasa wacha nikupitishe hatua kwa hatua. Nitakuambia pia dalili za mashini ambayo vumbi halina makosa, ndiyo usipoteze wikendi ukisafisha kitu kilichokufa kwa sababu nyingine.

KWANI VUMBI HUZIMAJE KOMPYUTA?

Hapa ndipo watu wengi hudanganywa. Ukiona mashini imezima ghafla unadhani kuna kitu kimeungua. Mara nyingi ni kinyume: imezima ndiyo isiungue.

Prosesa, yaani ule ubongo wa kompyuta, ni kipande kidogo, cha ukubwa kama wa ukucha. Kwa desktopu nyingi za ofisini zinazoletwa hapa, ikifanya kazi ngumu inakula umeme wa kama wati 65. Unakumbuka zile globu za zamani za wati 60, zile ungeguza unapiga nduru? Sasa chukua joto hilo lote, liweke kwa kitu cha ukubwa wa ukucha.

Ndiyo maana juu yake kunawekwa hitisinki, kile kipande cha alumini ama shaba chenye mapezi mengi membamba kama redieta ya gari. Joto linapanda kwa mapezi, feni inapuliza hewa katikati yake, joto linatoka nje nyuma ya kesi. Mchezo umeisha.

Vumbi likiziba hizo nafasi, hewa haipiti. Feni inazunguka kwa nguvu zaidi, ndiyo ile kelele unaskia, lakini inapuliza ukuta. Prosesa nyingi za Intel zikikaribia digrii 100 zinaanza kujipunguzia kasi zenyewe. Hapo ndipo unaona kipanya kinaburutika na video inakatakata. Joto likizidi kupanda, kuna ulinzi ndani unaokata umeme papo hapo. Hauulizi kama umesevu kazi.

Kitu cha kushangaza: hapa Nyeri, kwa sababu tuko juu, maji huchemka kwa digrii kama 94, si 100 kama kule Mombasa. Kwa hivyo prosesa iliyozibwa na vumbi inaweza kuwa moto kuliko chai inayochemka kwa sufuria yenu.

MBONA SISI WA MLIMANI?

Watu wa huku hupenda kusema, "Nyeri ni baridi, kompyuta haiwezi shika moto." Hapo ndipo tunapigwa. Baridi inasaidia, sikatai. Lakini inasaidia tu kama hiyo hewa baridi inafika kwa hitisinki. Na huku tuna vitu kadhaa vinavyoizuia.

Kwanza, udongo. Udongo wetu mwekundu ulitokana na volkano, na ni laini sana. Mvua ikinyesha ni tope linaloshika viatu, jua likiwaka ni unga unaoelea hewani. Kati ya Januari na Machi kabla mvua ndefu ianze, fungua dirisha asubuhi, ukifika jioni unaweza andika jina lako juu ya meza. Ukikaa upande wa Naro Moru, Nanyuki na Timau ni noma zaidi, kwa sababu mlima unazuia mvua na huko ni kukavu na upepo uko. Watu wa Chuka, Embu na Meru wanaokaa upande wenye mvua wana afadhali kidogo, lakini pia wao si wageni wa vumbi.

Pili, barabara. Wakati ile barabara pana ya Kenol, Sagana hadi Marua ilipokuwa ikijengwa, kilomita 84 za tingatinga na malori, nani kando yake hakula vumbi? Kompyuta nyingi za nyumba na saiba za kando ya barabara zilivuta lile vumbi kwa miezi, na zingine hazijawahi funguliwa hadi leo.

Tatu, moshi. Hii ndiyo mbaya kuliko zote. Vumbi kavu ukilipuliza linatoka. Lakini kama nyumba ina jiko la makaa ama la kuni, na jikoni na sebule vinapumua hewa moja, masizi na mafuta ya kupika yanachanganyika na vumbi na kuwa gundi. Ukiishi karibu na posho mill, ongeza unga. Ukiwa Mwea karibu na viwanda vya mchele, ongeza vumbi la maganda.

Nne, hewa yenyewe. Nyeri iko mita kama 1,750 juu ya bahari, Nanyuki iko juu zaidi. Huku hewa ni nyepesi, presha yake ni kama asilimia 80 ya ile ya Pwani. Feni ikizunguka mara moja hapa, inasukuma hewa kidogo kuliko feni hiyo hiyo ikiwa Kilindini. Mashini safi haitasumbuka, baridi inafidia. Lakini ikianza kuzibwa, haina akiba kubwa ya kuchezea.

Na tano, samahani wamama: vitambaa. Kile kitambaa kizuri cha kushonwa na krosha, kinachowekwa juu ya TV, juu ya redio, na sasa juu ya kompyuta. Kikining'inia nyuma kinaziba mahali joto hutoka. Mapambo ni sawa, lakini mashini ikiwa imewaka, kitambaa kitoke.

UTAJUAJE NI VUMBI NA SI KITU INGINE?

Usifungue kitu bado. Fanya huu upelelezi kwanza.

Cheki mtindo wa kuzima. Joto lina tabia moja: mashini ikiwa imelala usiku mzima inakaa muda mrefu kabla izime. Ukiiwasha tena hapo hapo, inazima haraka zaidi, kwa sababu bado iko moto. Ukiipumzisha saa moja, inapata nguvu tena. Ukiona hivyo, shuku joto kabla ya kitu kingine.

Cheki inazima ukifanya nini. Ikiwa ukiandika tu iko fiti, lakini ukifungua video, gemu ama tabu thelathini za intaneti inazima, ni joto pia. Kazi ngumu, moto mwingi.

Weka mkono nyuma ya kesi. Hewa inayotoka iko na nguvu? Kama feni inapiga kelele kama ndege na mkononi huskii upepo, kuna kitu kimeziba njia.

Soma joto lenyewe. Kuna programu za bure kama HWMonitor na Core Temp. Weka moja, ucheki digrii. Mashini ikiwa imetulia, 35 hadi 50 ni sawa. Ikifanya kazi, 60 hadi 80 usijali. Ikigonga 90 na bado inapanda, umepata mshukiwa. Kama inazima kabla hata Windows ifunguke, ingia kwa bayosi: Dell nyingi unabonyeza F2 ikiwaka, HP nyingi ni F10. Nyingi zao zinaonyesha joto ama hali ya feni huko.

Na jaribio la mwisho, la kienyeji kabisa: fungua kifuniko cha pembeni, weka feni ya meza ikipuliza ndani, ufanye ile kazi huizima. Usiguse kitu ndani ikiwa imewaka. Kama sasa inakaa saa mbili bila kuzima, kesi imefungwa. Ni joto.

Kitu moja kabla ya yote: mashini ikiwa hai, hata kwa dakika kumi, nakili faili zako za maana kwa flashi. Picha za harusi, vyeti, kazi ya chuo. Vumbi hutoka, lakini data ikipotea ndio hivyo.

VIFAA

Hauhitaji duka la maajabu. Tafuta bisibisi ya nyota, brashi ya rangi mpya ya inchi moja kutoka hardware (mpya, si ile ilipaka geti), vijiti vya pamba vya masikio na kitambaa kikavu. Kama unaweza kuazima bloa ya umeme kwa msee wa saiba, poa sana. Kama hauna, brashi na subira vitafanya kazi, na kwetu ndivyo tulivyofanya. Tafuta barakoa, zile za wakati wa corona bado ziko kwa droo. Kama una pumu, mpe mtu mwingine hii kazi, sitanii.

Kuna kitu cha sita, pesti ya joto, ile krimu ya kijivu inayokaa katikati ya prosesa na hitisinki. Hii unahitaji tu kama utang'oa hitisinki. Usiing'oe kama huna pesti mpya mkononi.

SASA TUFANYE KAZI

Moja. Zima mashini kabisa, chomoa waya wa stima kwa ukuta, chomoa kila kitu nyuma. Halafu bonyeza kile kitufe cha kuwasha ukishikilie kwa sekunde kumi na tano. Hiyo inamaliza umeme uliobaki ndani.

Mbili. Ipeleke nje, kwa veranda ama kwa ngazi. Si chumbani, utalala na hilo vumbi. Chagua asubuhi iliyotulia, si saa nane mchana upepo ukivuma kutoka shambani, juu utakuwa unatoa vumbi na kuingiza lingine.

Tatu. Piga picha ya ndani na simu kabla uguse chochote. Waya ni nyingi na kichwa husahau. Picha haisahau.

Nne. Guza chuma tupu cha kesi kwa mkono kabla ya kuguza vipande vya ndani, na urudie kila baada ya muda. Mwili wako hubeba umeme mdogo, ile hukushtua ukivua sweta ya baridi ya Julai. Wewe unaskia mshtuko kidogo, lakini rami inaweza kufa.

Tano. Kesi nyingi za Dell na HP za ofisini hazihitaji hata bisibisi kufungua, kuna kishikio cha kuvuta. Ndani utaona feni, na kwa nyingi, plastiki nyeusi kama koti inayoelekeza hewa. Itoe taratibu. Chini yake ndipo lile blanketi hujificha. Ukiangalia kutoka juu unaweza dhani mashini ni safi, kumbe uchafu wote uko katikati ya feni na mapezi. Hapo ndipo wengi hukosea: wanafuta kesi ing'ae na kuacha ugonjwa wenyewe ndani.

Sita. Shika mapanga ya feni kwa kidole yasizunguke, halafu ndiyo upige brashi ama bloa. Feni ikizungushwa kwa nguvu na bloa inaweza kuvunja beringi zake, na pia inaweza kutengeneza umeme na kuurudisha kwa madabodi. Piga brashi kutoka ndani kuelekea nje. Vumbi litoke, lisihamie tu mtaa mwingine ndani ya hiyo hiyo kesi.

Saba. Kwa mapezi ya hitisinki, vuta lile blanketi kwa vidole kwanza, halafu brashi katikati, halafu bloa. Ukitazama upande mmoja unafaa uone mwangaza upande wa pili. Kama huoni, hujamaliza. Kama ni masizi ya jiko yameshikana, tumia kijiti cha pamba na alkoholi ya isopropili ya asilimia 90 na zaidi. Usitumie spiriti iliyotiwa rangi na mafuta, inaacha utando.

Nane. Pawa saplai, lile sanduku la chuma ambapo waya wa stima huingia, SAFISHA KWA NJE TU. Pitisha bloa kwa matundu yake, basi. Usiifungue hata kama fundi wa YouTube amefungua. Ndani kuna kapasita zinazoweza kushika umeme mkali hata baada ya kuchomoa plagi. Hiyo ni maisha yako, si ngiri tisa.

Tisa. Chomoa rami kwa kufungua vishikio vya pembeni, piga brashi kwa nafasi yake, pangusa yale meno ya dhahabu kwa kitambaa kikavu, irudishe mpaka uskie klik pande zote. Wakati mwingine rami iliyolegea ndiyo inayogandisha mashini, na utakuwa umeponya magonjwa mawili kwa siku moja.

Kumi. Rudisha koti la hewa, hakikisha hakuna waya unaogusa feni, linganisha na ile picha, funga. Ukiacha koti la hewa nje kwa sababu limekataa kuingia, umerudi pale pale, juu hewa haitapita kwa hitisinki.

PESTI JE?

Kama mashini ina miaka mingi na baada ya kusafisha bado joto linapanda juu ya 90 mara moja, pesti ya zamani imekauka kama tope la Februari. Hapo sasa ng'oa hitisinki.

Iwashe dakika chache kwanza ipate joto kidogo, pesti ilainike. Zima, chomoa plagi, fungua skrubu kidogo kidogo kwa kupishana pembe. Izungushe hitisinki taratibu kushoto na kulia kabla ya kuinua. Usiivute kwa hasira, kwa mashini zingine prosesa inaweza kutoka nayo. Pangusa pesti ya zamani yote kwa alkoholi, pande zote mbili. Weka mpya kiasi cha punje moja ya ndengu, katikati. Punje moja, msee! Hii si blue band. Rudisha hitisinki, kaza skrubu kwa kupishana pembe, mpaka zikatae bila kulazimisha.

MAKOSA YA KUKULETEA NGORI

Usiende kwa msee wa pancha akupulizie na kompresa ya magari. Presha yake ni kali mno, na tangi lake hukusanya maji na mafuta. Utatoka hapo na mashini safi iliyolowa.

Usitumie mashini ya kuvuta vumbi ya kapeti. Plastiki yake inatengeneza umeme ule wa kuua rami.

Usipulize kwa mdomo. Unatema mate na hujui. Usitumie kitambaa chenye maji. Usitumie blow-dry ya saluni ikiwa na moto.

NA LAPI?

Lapi zina ugonjwa huo huo kwa njia nyembamba zaidi. Na huku kwetu tuna tabia moja: Julai, ukungu umeshuka, mtu anaingia kwa blanketi na lapi juu ya mapaja. Lapi nyingi huvuta hewa kutoka chini. Umeiwekea blanketi nje na vumbi liko ndani, itapumua wapi? Weka juu ya kitabu kigumu ama sinia, angalau.

Kuifungua ni kazi ndogo ndogo: skrubu za saizi tofauti, waya nyembamba kama uzi. Kama hujawahi, lipa fundi, lakini mwambie hivi: "Nataka usafishe feni na ubadilishe pesti, na nitakaa hapa nikiona." Fundi mzuri hatakataa, na mafundi wazuri wako wengi tu kwa hizi tao zetu. Akikwambia madabodi imekufa kabla hajafungua chochote, chukua lapi yako uende kwa mwingine.

KAMA SI VUMBI

Tuambiane ukweli, si kila kuzima ni joto. Umesafisha, digrii ziko 50, na bado inazima? Cheki haya.

Inazima wakati ule ule taa za nyumba zinafifia? Hiyo ni stima ya mtaa, ama pawa saplai imechoka. Tafuta UPS kabla ulaumu madabodi.

Inaleta skrini ya bluu yenye maandishi badala ya kuzima tap? Shuku rami ama hadi diski. Diski ikipiga tik, tik, tik, nakili faili zako leo, si kesho.

Saa na tarehe zinarudi nyuma kila ukiwasha? Hiyo ni betri ndogo ya mviringo ya CR2032 kwa madabodi. Haihusiani na joto, na bei yake ni ya kawaida tu dukani.

Ukiona kwa madabodi vile vimkebe vidogo vya duara vimefura juu ama vimevuja, hapo sasa fundi akisema madabodi ana haki. Lakini umuone akikuonyesha kwa kidole.

ISIRUDI TENA

Itoe mashini sakafuni. Vumbi la kufagia huelea chini, na kesi iliyo sakafuni inafyonza kama mtoto na mrija. Kiti kifupi ama tofali mbili zinatosha. Isogeze mbali na mlango wa jikoni, iache nafasi ya kiganja nyuma yake kabla ya ukuta.

Wakati wa kufagia, fanya kama shosho zetu: nyunyiza maji kwanza, halafu ufagie. Na kama mashini imewaka, izime kabla ya ufagio kuanza.

Halafu panga tarehe. Sisi tunafungua mwishoni mwa Machi mvua ikianza kutuliza vumbi, na tena mwishoni mwa Septemba. Kama jiko liko karibu, ama unaishi kando ya barabara ya mchanga, fanya kila miezi mitatu. Bandika kipande cha gundi ya karatasi nyuma ya kesi, andika siku uliyosafisha, ndiyo usijidanganye eti ni juzi.

Na kama unangoja tarehe 30 Juni ndiyo ujaze ritani za KRA saa tano usiku, mashini ikikuzimia hapo, faini ya mtu binafsi huanzia shilingi 2,000. Brashi ya rangi ni bei rahisi kuliko hiyo.

Dada yangu bado anatumia ile ile kompyuta ya kuambiwa imekufa. Iko juu ya tofali mbili kwa kona ya sebule, na kitambaa cha Mathe kimehamia kwa redio. Brashi ya inchi moja inakaa kwa droo, na ole wako uitumie kupaka rangi.